Miaka Kumi na Saba Mkiani mwa Msafara

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika chombo chochote. Nilifika stoo ya Oldeani na panga nililolinoa tangu jana yake mpaka lingeweza kunyoa ndevu, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kazi ni ya kufyeka njia mlimani, nami nilitaka kuonekana mtu wa kazi. Bwana Njia, ndivyo tulivyomwita msimamizi wa njia za chama chetu cha kutembea mlima, alilitazama panga langu, akalitundika ukutani, akasema, "Leo utatembea nyuma yangu tu." Tulitoka saa moja asubuhi, tukapita katikati ya mibuni, tukaingia msituni, tukapanda mpaka kwenye mianzi, tukarudi. Njia nzima hakunisemesha. Saa kumi alasiri tulipofika stoo aliketi juu ya gunia la chokaa, akavua buti moja, akaniuliza, "Paulo, nyuma yako alikuwepo nani?"

"Hakuna mtu, Bwana Njia."

"Umejuaje? Uligeuka mara ngapi?"

Nilikuwa sijageuka hata mara moja. Nilikuwa nimetazama visigino vyake kutwa nzima nikidhani ndiyo heshima. Aliivua buti ya pili, akaigonga ukutani kutoa udongo, akasema, "Basi kesho tunarudia." Tulirudia siku nne. Siku ya tano ndipo aliponikabidhi panga langu, na mpaka hapo shingo ilikuwa inaniuma kwa kugeuka.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotoka Karatu siku hizi na mabegi ya rangi za kung'aa na kuiita kazi hiyo haikingi. Sina ugomvi na neno hilo. Sisi tuliita kutembea mlima, na chama chetu kiliitwa Chama cha Watembea Milima, jina lisilo na mbwembwe. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipoajiriwa, Karatu ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu, barabara ya Oldeani mvua ikinyesha ilikuwa ya trekta tu, na mtu aliyepanda mlima bila sababu alitazamwa kwa wasiwasi. Majirani walikuwa wakituuliza, "Mmepoteza ng'ombe?" Tukijibu hapana, waliuliza tena kwa upole, maana huenda tulikuwa tunaona haya kusema.

Chama kilianzishwa enzi za ukoloni na wake wa wenye mashamba ya kahawa, ambao walichoka kuutazama mlima dirishani, wakaamua kuupanda. Walipoondoka nchini, mmoja baada ya mwingine, walimwachia karani wa shamba funguo za stoo, kitabu cha misafara na kopo moja kubwa la bati. Karani yule hakuwahi kupanda mlima wowote kwa hiari yake. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kuona kitabu kina kurasa nyeupe akakiacha hivyo. Aliwaita walimu, wauguzi, makarani wenzake na katekista mmoja, akawaambia kwamba chama hakijafa, kimebadili wenyewe tu. Yeye akawa Katibu, na mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi akawa Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mtu mrefu, mkali, anayetembea kama anayekwenda kumkamata mtoro. Nilipomuuliza siku moja kwa nini anapanda mlima ilhali hana ng'ombe huko, alinijibu, "Paulo, nimelima shamba moja miaka ishirini. Nataka kuliona lote kwa mara moja." Nilidhani ananitania, mpaka nilipoliona langu kutoka juu, dogo, la kijani, na mke wangu akionekana kama punje katikati yake. Siku ile nilielewa.

Msimu wetu ulianza mvua za masika zikikatika na kuishia kabla ya vuli, Jumamosi kwa Jumamosi. Kazi yangu katikati ya wiki ilikuwa kufyeka, kupaka chokaa kwenye vigogo ili njia ionekane penye ukungu, na kuchimba mikato ya maji, yaani vijifereji vya kukata njia kimshazari ili mvua isiigeuze korongo. Mkato ukichimbwa wima sana, unabomoka. Ukilala sana, maji yanatuama na nyati wanakuja kujigaragaza. Nilijifunza kunusa nyati kabla ya kuwaona, na kuyatofautisha majani ya washawasha kwa kuyagusa, somo ambalo mtu halirudii. Siku ya msafara tulipewa askari wa wanyamapori mwenye bunduki, naye alitembea mbele pamoja na Bwana Njia. Mimi nilitembea mwisho kabisa, na cheo changu kiliandikwa hivyo hivyo kwenye kitabu: Mkia.

Chekeni tu. Hata watoto wangu walicheka. Lakini Mkia ndiye aliyeshika taratibu mbili ambazo chama kilizilinda kuliko kitu kingine chochote, na lazima nizieleze hapa, kwa sababu bila hizo hamtaelewa ninachotaka kusema.

Ya kwanza ilikuwa ya kopo. Asubuhi kila mtembeaji aliokota kokoto moja uani kwa stoo, akaitumbukiza ndani ya kopo. Akirudi jioni anatoa kokoto moja na kuitupa uani, ndipo anapewa chai. Mpaka mimi nipindue kopo na kulitikisa na kusema "Kopo tupu!" hakuna aliyeruhusiwa kunywa, hata angekuwa anatetemeka.

Ya pili ilikuwa ya fimbo. Kila mtu alitembea na fimbo. Mwenye haja ya kwenda pembeni aliilaza fimbo yake kukata njia, akaingia porini. Mkia akiikuta fimbo imelala, anasimama hapo, anageuza mgongo kwa adabu, anangoja mpaka mwenyewe atoke. Na kama kwa bahati mbaya mtu ameachwa, asikimbie huku na huko. Akae fimboni pake mpaka afuatwe. Aliyetoka njiani bila kulaza fimbo alikaa nyumbani msimu mzima bila kupanda, awe mwanachama wa jana au Mwenyekiti mwenyewe. Na Mkia aliyeiruka fimbo ya mtu alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Sheria hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu, na Bwana Njia alinisomea mara mbili.

Kwa kuwa nilikuwa wa mwisho, rafiki yangu wa njiani alikuwa yule aliyetembea polepole kuliko wote, naye alikuwa Mama Mkunga. Alikuwa amestaafu ukunga katika hospitali ya misheni, mwanamke mfupi, mpana, aliyefunga kitenge juu ya sweta na kubeba mfuko wa viazi vitamu vya kuchemsha kwa ajili ya watu wote. Karibu nusu ya wanachama vijana aliwapokea yeye walipozaliwa, na hakuwaacha wasahau. Kijana akijivuna mbele ya wasichana, Mama alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyu alitoka miguu kwanza. Tangu siku ile anapenda kusumbua watu." Wangu wanne nao aliwapokea. Kwenye mteremko mkali alikuwa ananishika bega, nami nilihesabu hilo kuwa heshima. Mengi niliyoyajua kuhusu kulea, kuhusu kuishi na mke bila kupigana, na kuhusu kukaa kimya, niliyapata nikiwa hatua mbili nyuma ya mama yule.

Alinieleza pia kwa nini alijiunga. Miaka yote ya kazi aliingia na kutoka wodini, aliitwa huku, akaitwa kule, na kila njia aliyopita ilikuwa na mtu anayelia mwisho wake. "Huku," alisema, "napanda na hakuna anayenisubiri juu. Hujui raha yake, Paulo." Alisema ukifika wakati ambao hawezi tena kupanda, hatalalamika, ila anaomba wakati huo uchelewe.

Sasa nifike kwenye mwaka wangu wa tano, Jumamosi moja ya Agosti. Tulipanda watu kumi na tisa, na kopo lilikuwa na kokoto kumi na tisa. Juu hatukuona kitu, ukungu mtupu. Tukiwa tunashuka kwenye mianzi, alitokea porini mzee wa Kimasai mwenye shuka na rungu, akasimama kando ya njia kuwapisha wenzangu.

"Sopa, baba," aliniamkia nilipomfikia. "Umeona ng'ombe? Mtamba, nyekundu, hapa shingoni nyeupe."

Nikamwambia sijaona, nikamkaribisha tushuke wote, kwa kuwa nilijua mahali karibu na shamba ambapo ng'ombe waliopotea hupenda kutokea. Aliitwa Mzee Saning'o. Alikuwa ametoka Malambo na mifugo yake kwa sababu majani kule chini yalikuwa yamekwisha, akawa anakaa kwenye boma la shemeji yake upande wa juu. Sisi Wairaqw na Wamasai tuna historia ndefu kuhusu ng'ombe, na si yote ya kusimulia mbele ya wageni, lakini hakuna watu watakaoongea vizuri zaidi kuhusu mtamba mmoja kuliko Mwiraqw na Mmasai waliokutana njiani. Alinieleza mama yake mtamba, na bibi yake. Nikamweleza wa kwangu. Katikati ya mazungumzo hayo niliona mwanzi umelala kukata njia. Upepo ulikuwa umeangusha mianzi mingi wiki ile. Nikainua mguu, nikapita.

Mama Mkunga alikuwa amekata fimbo yake kwenye mianzi ile ile, kwa kuwa ni myepesi.

Tulipofika stoo watu walikuwa wamelowa na kuchoka. Walijipanga kutoa kokoto, na mwalimu mmoja mwenye ukarimu akamshika mkono Mzee Saning'o akamwambia, "Karibu mzee, foleni ya chai ni hii." Mzee alipofika kwenye kopo alifanya kama alivyoona wengine wakifanya, ila yeye kokoto hakuitupa, aliishika mkononi. Mimi ndiye niliyelishika kopo. Nilitazama mikono inayoingia, sikutazama nyuso. Nikapindua, nikatikisa, nikasema kwa sauti, "Kopo tupu!" Watu wakaanza kunywa.

Mzee alimaliza kikombe chake taratibu, akakirudisha, akanijia. "Baba, chai yenu nimekunywa, asante. Sasa hii jiwe napeleka wapi?"

Niliitazama ile kokoto kwenye kiganja chake. Wakati huo huo nikamsikia kijana mmoja nyuma yangu akiuliza, "Jamani, viazi leo viko wapi?" Hapo vikombe vilishushwa, kwa sababu kila mtu alijua mfuko wa viazi huwa na nani.

Sikumngoja mtu. Nilisikia Bwana Njia akimwita askari na askari akitafuta bunduki yake, nami nilikuwa nimekwisha kufika mwisho wa mibuni. Ilikuwa kama saa kumi na moja kasoro. Sijawahi kupanda mlima ule kwa mwendo ule, wala sitaki kuupanda hivyo tena. Nilikuwa nasali na kutukana kwa zamu. Niliona kinyesi cha nyati juu ya nyayo zetu za kushukia, bado kinafuka, na nilijua maana yake: walikuwa wamekatiza njia kati yangu na Mama. Nyuma yangu kwa mbali nilimsikia Mzee Saning'o akipiga mbinja, naye alikuwa ametangulia mbele ya askari bila kuambiwa na mtu.

Nilimkuta Mama Mkunga penye fimbo yake. Alikuwa ameketi juu ya mfuko wake wa viazi, kitenge amejifunika kichwani, anatetemeka kiasi kwamba meno yalikuwa yanagongana. Fimbo ilikuwa bado imelala njiani, vile vile nilivyoiacha.

"Mama," nilisema. "Niliiona. Nilidhani ni mwanzi."

"Nilikuita," alisema. "Ulikuwa unaongea habari za ng'ombe. Kisha nikawasikia nyati wanavunja mianzi pale chini, nikaona heri ninyamaze." Alinyoosha mkono nimwinue. Akaiokota fimbo yeye mwenyewe, akaifuta tope kwa kitenge. "Sheria inasema nikae fimboni. Nimekaa."

Nilianza kulia, sioni haya kusema. Mbinja ya Mzee Saning'o ilikuwa inakaribia, na nyuma yake buti za askari. Mama alinitazama, akasikiliza, akaniambia, "Futa uso. Na mdomo wako ufunge mpaka nikuambie."

Kamati ilikaa Jumatatu jioni ofisini kwa Mwenyekiti, shuleni. Nilikwenda nikiwa nimekwisha kumwambia mke wangu aanze kufikiria tutahamia wapi, maana chumba tulichokaa kilikuwa cha chama, na watoto wanne walikuwa shule ile ile ya Mwenyekiti. Kuhusu kopo hawakunilaumu sana. Katibu alisema kwamba kokoto zilitoka kumi na tisa kama zilivyoingia, na kopo lile lingemdanganya mtu yeyote. Kuanzia siku ile, wakaamua, kila mtu akitoa kokoto atataja na jina lake. Halafu Mwenyekiti alivua miwani.

"Tuje kwenye fimbo," alisema. "Paulo, uliikuta fimbo imelala, au hukuikuta?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, Mama Mkunga alikuwa amesimama. "Mwalimu, usimsumbue huyu. Sikulaza fimbo."

Watu wote walimgeukia. Alikuwa ameshika mkoba wake mbele kwa mikono miwili, kama watu wanavyosimama mbele ya hakimu. "Nilibanwa. Nikaingia tu porini kama mbuzi. Kosa ni langu."

"Mama," alisema Mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea polepole, "unaijua adhabu yake."

"Nimeijua kabla wewe hujaanza kuvaa suruali ndefu. Andika."

Katibu aliandika. Nami nilikaa kimya. Ningeweza kusema, na muda wa kusema ulikuwepo, kalamu ya Katibu haikuwa na haraka. Niliwafikiria watoto, nikafikiria chumba, nikatazama sakafu. Nje, Bwana Njia alinifikia akawasha kiko chake. Aliniuliza tu kama nyati walikuwa wengi, nikamwambia sikuwahesabu, akaondoka. Nadhani alijua, lakini alikwenda kaburini bila kuniuliza.

Msimu uliofuata Mama Mkunga alikaa nyumbani kwake pembeni mwa Karatu, na kila Ijumaa alituma mfuko wa viazi kama kawaida. Msimu wa pili yake, alipokuwa huru kupanda, goti la kulia lilikuwa limevimba na daktari akamkataza milima. Hakupanda tena. Kwa hiyo mahesabu ni rahisi, na nimeyarudia mara nyingi kichwani: msimu ule mmoja alioukaa kwa ajili yangu ndio uliokuwa wa mwisho kwa miguu yake.

Na mimi? Mimi nilipandishwa cheo. Bwana Njia alipostaafu, kamati ilitazama kitabu, ikaona Paulo hana doa, ikanipa nafasi yake. Nilipelekwa kwanza Nainokanoka miaka miwili kufungua njia ya kutoka kreta ya Olmoti hadi ya Empakaai, ambako asubuhi maji kwenye ndoo yaliganda juu na wachungaji walinipa maziwa bila kuniuliza jina. Kisha nikarudishwa Oldeani kusimamia njia zote. Niliendelea kutembea mkiani hata nikiwa Bwana Njia, na nilimweka kijana mwenye macho mazuri mbele. Watu walidhani ni unyenyekevu. Wale waliotembea nami watakumbuka kwamba sikuongea na mtu njiani, na kwamba kila mwanzi uliolala niliuinua kwa mkono kuutazama.

Miaka ya vita na baada yake tulipokosa petroli, sabuni, sukari, hata viatu, chama kilikuwa karibu kufa mara ya pili. Gari la kuwaleta wanachama kutoka Karatu halikuwepo, basi walikuja kwa miguu Ijumaa, wakalala stoo, wakapanda Jumamosi. Chai tuliinywa bila sukari, na askari alikuwa na bunduki ila sijui kama alikuwa na risasi. Lakini watu walikuja. Katika miaka yote ile niliyokuwa na chama hatukumzika mtu kwa ajili ya mlima, na namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapokumbuka ile kokoto kwenye kiganja cha Mzee Saning'o. Mtamba wake, kama mnataka kujua, alimpata siku mbili baadaye kwenye shamba la ngano la mtu, ameshiba vizuri.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya themanini. Chama kilinifanyia sherehe uani kwa stoo, wakachinja mbuzi, wakanipa saa ya mkononi na blanketi. Mwenyekiti wakati huo alikuwa mpya, mwanamke, muuguzi, mmoja wa wale waliopokewa na Mama Mkunga. Mama mwenyewe aliletwa na gari, akakalishwa kwenye kiti chenye mikono, mguu wake wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda. Mwenyekiti alisimama akasoma kwenye kitabu cha misafara kwamba Paulo ametumikia miaka kumi na saba bila kosa hata moja. Watu wakapiga makofi, nikaitwa niseme neno.

Nilikuwa nimeandaa shukrani. Nilizitoa, kwa Bwana Njia marehemu, kwa Katibu aliyekataa kuacha kurasa nyeupe, kwa mwalimu mkuu ambaye alinisomeshea watoto. Kisha nikageuka kwa Mama nikakuta ananitazama, na sikuweza kusema neno la shukrani kwake likiwa na uongo ndani. Nikasema, "Fimbo yake ilikuwa imelala. Mwaka ule. Niliiona kwa macho yangu nikairuka. Hakufanya kosa lolote. Alikaa nyumbani msimu mzima kwa kosa langu mimi."

Uani ilisikika nyama tu jikoni. Mama Mkunga aliwageukia watu. "Mnaona mtu huyu?" alisema. "Nimemfichia miaka yote hii, leo ananifanya mwongo mbele ya mbuzi wa kuchoma!" Watu walicheka kwa woga, wakitazamana.

"Mama, kwa nini?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Kwa nini nini? Yeye wangemfukuza na watoto wake. Mimi wangenikalisha tu. Nilipima." Aliinua mkono na kuushusha. "Goti sikulipima. Hilo si kosa la Paulo."

Mwenyekiti alifungua ukurasa wa kwanza wa kitabu, akasoma kimya, akafunga. Alisema sheria inataka Mkia aliyeruka fimbo afukuzwe, lakini huyu amekwisha kustaafu, saa tumempa, blanketi tumempa, tutamfukuza kutoka wapi? Wazee wa kamati walinong'onezana. Mwisho akatamka kwamba kwa kuwa msimu ule ulikaliwa na mtu asiyestahili, mwenye deni la msimu ni mimi, na kwamba mwaka unaofuata Paulo hatapanda mlima wowote na chama hiki, Jumamosi hata moja. Nililipokea kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa nimengojea hukumu ile tangu ile Jumatatu.

Jumamosi ya kwanza ya msimu nilishindwa kukaa nyumbani. Nilitembea hadi kwa Mama Mkunga, nikamkuta kibarazani, kiti kimeelekezwa mlimani. Hakushangaa kuniona. Aliniuliza tu, "Saa hii watakuwa wapi?" Nikatazama jua, nikamwambia wanaingia msituni. Tukawapandisha hivyo mpaka juu, hatua kwa hatua, yeye akiuliza kama washawasha wamefyekwa, mimi nikimwambia kijana wa siku hizi hajui kunoa panga. Alasiri tuliwashusha. Nilikuwa nimewahi kutembea naye miaka mitano nikiwa nyuma yake, na ile ilikuwa mara ya kwanza kwetu kuketi na kutazamana. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na iliyofuata.

Msimu ulipokwisha Katibu mpya alikuja pale pale kibarazani na barua: adhabu yangu imeisha, nakaribishwa msimu ujao kupanda kama mwanachama wa heshima, bila ada. Nilimshukuru, nikamwambia awasalimie wote, ila Jumamosi zangu zina mtu.

"Mchukue!" Mama alipaza sauti. "Anamaliza viazi vyangu huyu!"

Katibu akanitazama, akamtazama yeye, akaikunja barua akairudisha mfukoni. Mama aliishi misimu mingine minne. Jumamosi zote hizo chama kilipanda bila mimi, na sijutii hata moja.